Pamba ya Siku Nane

Kabla hamjamwambia mgonjwa afungue kinywa, msogeleeni, mwamkieni, mwacheni aseme mawili matatu huku mmetulia mbele yake. Pua zenu zitawaambia mambo ambayo taa haitawaambia. Najua ninyi vijana mnavaa barakoa na vyumba vyenu vinanukia dawa, na sina ugomvi na hilo. Lakini mimi niling'oa meno miaka ishirini na mitatu, kuanzia Shinyanga mjini hadi machimboni Nyarugusu, na nusu ya niliyoyajua niliyajua kwa kunusa.

Aliyenifundisha kunusa ni Mzee Kassimu. Alianza enzi za Mwingereza kama mchemshaji wa vifaa tu, akapanda kidogo kidogo mpaka madaktari wenyewe wakawa wanamwita jino likivunjikia ndani. Asubuhi, wagonjwa waliorudi baada ya kung'olewa walikaa kwenye benchi la nje. Mzee Kassimu alipita akiwasalimia mmoja mmoja, habari za nyumbani, habari za ng'ombe, kisha akaja kuniuliza: "Yupi anakwenda zake na yupi anabaki?" Mimi nikikimbilia kuchungulia vinywa, ananishika mkono. "Salimia kwanza," anasema. "Una haraka ya nini?"

Siku ya kwanza kinywa hunuka damu, na hiyo isikutishe. Siku ya pili hunuka uchachu, kwa sababu mgonjwa ameogopa kupiga mswaki hata upande usio na kidonda. Mkemee kwa upole, apige. Inayotakiwa ikusimamishe ni ile ya siku ya tatu au ya nne, harufu ya kitu kilichooza inayokuja pamoja na maumivu yanayopanda mpaka sikioni. Ukitazama humo hukuti usaha. Unakuta shimo tupu na mfupa mweupe chini, kwa maana lile donge la damu lililotakiwa kulifunika limetoka. Hapo usikimbilie sindano. Osha taratibu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, weka kitambaa kidogo chenye mafuta ya karafuu, mwambie arudi kesho ukitoe. Na ukikuta shimo lina utando mweupe unaoelekea njano, lakini hakuna maumivu wala uvimbe, liache. Huo ndio uponaji wenyewe. Mimi niliwahi kuukwangua nikidhani ni uchafu, na Mzee Kassimu alinipiga vidoleni kwa koleo mbele ya mgonjwa. Mgonjwa alicheka kuliko wote.

Kuhusu karafuu, kule machimboni mafuta yake yaliisha mara nyingi kuliko yalivyokuwepo. Ilibidi nidandie lori hadi Katoro, kwenye duka la familia moja ya Kihindi, nikanunue karafuu zenyewe. Mama Rehana, mwenye duka, ndiye aliyenionyesha namna ya kuzitwanga kiasi na kuziloweka kwenye mafuta yaliyopashwa moto kidogo, nisizikaange. Chuoni hakuna aliyenifundisha hilo.

Zahanati niliyopelekwa ilikuwa na chumba kimoja cha meno. Kiti kilikuwa cha mbao, fundi alikikata miguu ya nyuma ili mgonjwa alale kidogo, na makoleo niliyachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Wateja wangu wakubwa walikuwa wachimbaji. Mtu anashuka kwenye duara, shimo refu la kuchimbia dhahabu, akiwa amening'inia kwenye kamba bila wasiwasi, lakini akiona sindano ya ganzi anaomba aende nje mara moja na harudi. Wengi walikwisha kujitibu kabla hawajanifikia. Walishindilia ugoro kwenye jino, au mafuta ya taa, na mmoja alitia maji ya betri ya gari akaunguza ufizi wote.

Baada ya kung'olewa walikwenda moja kwa moja kwenye gongo. Siku ya nne wako mlangoni kwangu.

"Daktari, umeacha kipande cha jino humu."

"Gongo ulikunywa lini?"

"Sikunywa. Nilisukutua tu, kuua wadudu."

"Ukaitema?"

Hapo anatazama chini. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba watu wa kule hawafuati maelekezo. Nilisema hivyo kila siku, mpaka ikawa kama sala yangu. Nataka mlikumbuke hilo mnaposoma habari za Minza.

Ilikuwa kiangazi, miaka ya sabini ikiwa katikati. Mzee mmoja, Luhende, alifika na baiskeli, akaiegemeza ukutani, akanisalimia. Nikamuuliza mgonjwa yuko wapi. Akaonyesha barabara kwa kidevu. Baada ya muda alitokea mwanamke kijana, mtoto mgongoni, shavu limefungwa kitenge, akitembea ukingo wa pili wa barabara.

"Ni mke wa kijana wangu Masele," alisema mzee. "Kijana yuko duarani, Rwamgasa. Na mama yake Masele amekwenda msibani Ushirombo. Nimebaki mimi."

Yule mwanamke, Minza, alipoingia, mzee alibaki nje na kuupa mlango mgongo. Nilidhani anaogopa damu, na nilimcheka kimoyomoyo. Sikujua kwamba kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawasogeleani, hawali wakitazamana, na habari za kinywa na kutafuna hazisemwi kati yao. Mimi ni mtoto wa kota za reli, Shinyanga. Kisukuma changu kilikuwa cha kusalimia na kununulia maziwa. Nilikuwa nimeishi kati yao miaka minne na sikuwa nimeuliza mtu chochote kuhusu namna wanavyoishi.

Lilikuwa gego la chini, kushoto, lenye mzizi uliopinda. Lilinitoa jasho karibu saa nzima. Minza alishika mbao za kiti, machozi yakamtoka, lakini hakupiga kelele, na mtoto alilala kwenye mkeka muda wote. Jino lilipotoka nilizungusha pamba nene, nikaibandika kwenye shimo, nikamsukuma kidevu juu kwa vidole viwili. "Uma. Usiachie." Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaenda mlangoni kuzungumza na mzee, kwa sababu mzee alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Baada ya saa moja aitoe ile pamba," nilimwambia. "Leo asisukutue wala asiteme mate kwa nguvu. Kesho aanze maji ya uvuguvugu na chumvi, mara nne kwa siku. Uji usiwe wa moto. Umenipata, mzee?"

"Nimekupata, daktari."

"Utamweleza?"

Aligeukia baiskeli yake. "Yatamfikia," alisema.

Kwenye benchi walikuwa wamebaki watu saba. Nikaita anayefuata.

Siku ya nane niliinusa harufu kabla sijamwona mtu. Nilikuwa nimeinama kwenye jiko, nikageuka, nikamkuta Minza mlangoni ameziba mdomo kwa kanga. Kulia kwake alikuwa mama mkwe, nyuma yao Masele, bado ana udongo wa duarani kwenye nywele. Shavu la Minza lilikuwa limevimba hadi chini ya taya, macho yameingia ndani, mwili unachemka. Nilipomwambia afungue kinywa, kidole changu kimoja hakikupita katikati ya meno.

"Imeanza lini?" nilimuuliza Masele.

"Mimi nimerudi Jumamosi nikaikuta. Tangu siku hiyo nalala kwa jirani. Hata mtoto anageuza uso." Alisema hivyo mkewe akisikia.

Niliingiza kibano pembeni, polepole, nikagusa kitu ambacho si mfupa wala nyama. Nikavuta. Kikatoka kipande kirefu, cheusi, kinachoteleza, na usaha ukafuata nyuma yake. Muuguzi wangu alitoka nje. Mimi nilibaki nakitazama kile kitu kwenye kibano. Ilikuwa pamba yangu. Niliijua kwa namna ilivyozungushwa.

Alikuwa ameiuma siku nane. Alikunywa uji kwa upande mmoja, akailoweka kwa mate, akaiuma usiku na mchana, mpaka ufizi ulipoanza kuifunga kwa ndani. Niliyaelewa haya yote palepale, kabla mtu hajaniambia, na nikaelewa pia kwamba neno la saa moja halikumfikia. Ningeweza kusema. Watu walikuwa watatu tu mbele yangu. Badala yake nilisikia sauti yangu ikitoa ile sala ya kila siku.

"Nilisema saa moja. Huyu hakufuata maelekezo."

Masele alimtazama mkewe muda mrefu. "Hasikii huyu," alisema. "Hata nyumbani nimemwambia mama, hasikii."

Minza alikuwa ananitazama mimi. Taya lilikuwa limekaza, hakuweza kusema neno. Mimi niligeuka nikaanza kuandaa sindano, na niliiandaa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Naona aibu mpaka leo ninapoandika.

Matibabu niliyoyafanya yalikuwa mazuri, na nayaeleza ili myachukue. Alilala zahanati. Nilimpa penisilini kila siku, na kila asubuhi nilimwosha shimo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji ya chumvi ya uvuguvugu, taratibu, mpaka yatoke safi. Karafuu sikuweka, wala kitambaa, kwa sababu penye usaha huzibi, unaacha njia. Uponaji wa taya niliupima kwa vidole: siku ya tatu kidole kimoja kilipita kati ya meno, siku ya sita viwili, na wiki ya tatu ilipokwisha vilipita vitatu. Harufu nayo ilikuwa inapungua. Kwanza ilijaza chumba, baadaye ilikuwa ya kitandani tu, halafu ukawa huipati mpaka uiname. Mtoto alirudi kunyonya bila kugeuza uso. Nilijisifia kazi yangu. Siku zote hizo nilimwambia Minza fungua, funga, tema, na sikumwambia lingine. Akarudi nyumbani kwa Masele, na mimi nikajiambia yamekwisha.

Miezi miwili ilipita. Mzee Luhende alifika akisukuma baiskeli, akakaa kwenye benchi akasubiri mpaka wagonjwa wote wakaisha.

"Shikamoo, mzee. Jino gani?"

"Marahaba. Sina jino."

Nikakaa pembeni yake.

"Kijana amemrudisha mkewe kwao," alisema. "Anasema mke asiyemsikia daktari hatamsikia yeye. Mtoto akiacha kunyonya, atakwenda kumchukua."

Nikasema pole.

"Daktari, ile habari ya saa moja ulimwambia nani?" Hakungoja nijibu. "Uliniambia mimi. Na mimi ningemwambiaje mkwe wangu habari za kinywa chake? Nilimngoja mama yake Masele arudi msibani, aseme yeye. Akachelewa siku sita. Aliporudi nikaona haya kusema kwamba nimekaa na neno la daktari siku zote hizo na mwenyewe anaoza. Halafu ninyi mkaja kusema hakusikia, na mimi nikanyamaza."

"Na mimi nilinyamaza, mzee," nilisema. "Niliijua ile pamba nilipoitoa. Nilijua hakuambiwa."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu akae. Nilitegemea atanitukana, na ingekuwa haki yake. Alisimama akashika baiskeli.

"Twende kwa kijana," alisema.

Rwamgasa tulifika jua likiwa kichwani. Masele alipandishwa kutoka duarani akiwa amejaa tope jekundu, akamwamkia baba yake, akanitazama mimi kwa mashaka. Mzee aliongea kwa Kisukuma, maneno mengi, bila kuinua sauti. Wenzake Masele waliokuwa wakitwanga mawe waliacha kutwanga. Alipomaliza, Masele alinigeukia.

"Kwa hiyo alikuwa anafanya ulivyomwambia?"

"Nilimwambia aume asiachie. Akauma siku nane. Hakuna mgonjwa aliyewahi kunitii kama yeye."

"Na mbona siku ile ulisema hakufuata?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa kuonekana mjinga mbele yenu."

Alichota maji kwenye pipa akaanza kunawa mikono. Alinawa mpaka viwikoni, akarudia, maji yakatiririka mekundu kisha meupe. "Nilimwambia ananuka," alisema, akiyaambia maji. "Nilimwambia mbele ya watu." Kisha akavaa shati lake akasema atakwenda nasi.

Kwa wazazi wa Minza tulifika siku ya pili yake. Tulikaribishwa uani, mama yake akatuletea viti. Minza alikaa kwenye mkeka karibu na jiko, anamnyonyesha mtoto. Mzee Luhende aligeuza kiti chake kikaangalia ghala la mtama, akampa mkwe wake mgongo kama desturi inavyotaka, na hapo, akiliangalia ghala, akasema kosa lake lote. Sijui kama ninyi mnaweza kuelewa jambo lile lilimgharimu nini mzee wa umri ule. Mimi nilianza kuelewa siku ile.

Nikasema langu, kwa Kiswahili, na mama yake Minza akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Masele akasema lake. Alisema machache.

Halafu mimi, ambaye siwezi kukaa bila kufanya kitu, nikaomba nitazame kidonda. Minza akafungua kinywa. Vidole vitatu vingepita na nafasi ingebaki. Pale palipokuwa na shimo ufizi ulikuwa umefunga, laini, rangi ile ile ya jirani zake. Niliinama nikavuta pumzi. Kulikuwa na harufu ya uji wa mtama tu.

"Imepona," niliwaambia.

Minza alimwambia Masele kwamba atarudi, lakini baada ya mavuno, si kabla. Aliyasema kwa Kisukuma na mama yake ndiye aliyenieleza. Masele alikubali haraka. Mzee Luhende alishusha pumzi, bado anaangalia ghala. Nikainuka nikidhani shughuli imekwisha, nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Daktari."

Ilikuwa sauti ya Minza, na kabla ya siku ile sikuwahi kuisikia. Wiki tatu nilikuwa nimeingiza vidole kinywani mwake kila asubuhi, na sauti sikuijua. Ilikuwa nzito kidogo, ya taratibu, na Kiswahili kilichotoka kilikuwa safi kuliko cha mumewe.

"Mimi nimesoma hadi darasa la saba," alisema. "Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, masikio yangu yapo. Ukaniacha ukaenda kumwambia mlangoni. Mbona hukuniambia mimi?"

Watu wote walinitazama, isipokuwa mzee. Nikamwambia ukweli, kwamba haikunijia akilini kama angeelewa.

Akamhamishia mtoto titi la pili.